Mkaguzi Hakuja: Historia ya Bima ya Shamba, Kuanzia Hapa Nanyuki

Mtu akisema "teknolojia imebadilisha bima", wengi wetu tunawaza vijana wa London ama California na laptopu zao. Lakini moja ya hadithi kubwa za hayo mabadiliko ilianzia kwa agroveti za Laikipia, hapa karibu na Nanyuki, mwaka wa 2009. Wakulima kama 200 wa mahindi, kituo cha kupima mvua kinachotumia jua, simu ya kamera na M-Pesa. Hizo tu.

Nataka tuitazame hiyo hadithi kutoka mwanzo, kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tunaosoma hapa tunalipiwa karo na shamba la mtu: la mathe, la guka, la cucu kule Kalalu ama Timau. Mvua ikikosa, ni sisi tunaambiwa tungoje muhula ujao. Na maoni yangu nayatoa mapema ili usinisome ukitafuta siri: kila teknolojia ya bima ni jibu la swali moja la kitambo sana. Nani ataamini neno la mkulima kwamba amepoteza, na kumwamini kutagharimu pesa ngapi?

Bima ya kwanza haikuwa ya cucu yako

Laikipia ilikuwa ardhi ya Wamaasai mpaka serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwenda kusini baada ya mkataba wa 1911. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919, walowezi wakapewa mashamba huku, wakiwemo wanajeshi wa Uingereza waliotoka vitani. Nanyuki ikakua kama mji wao wa kununua vitu na kupumzika.

Sasa skiza hii. Mwaka wa 1942, vita vya pili vikiwa vimechacha na Waingereza wakihitaji chakula, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kumhakikishia mkulima kiwango fulani cha mapato kwa kila ekari ya mahindi ama ngano. Ukipanda kama mlivyokubaliana, halafu mazao yaharibike bila kosa lako, serikali inajazia. Hiyo ni bima ya mazao, hata kama jina lilikuwa lingine. Na ilitengenezwa kwa ajili ya walowezi. Mkulima Mwafrika kule Nyeri alichomwa na jua lile lile, lakini hasara yake ilibaki yake.

Baada ya uhuru mpango uliendelea na ukawafikia pia Waafrika wenye mashamba makubwa. Ulikufa miaka ya mwisho ya 1970, ukiwa umeachia serikali madeni na hasara.

Angalia huo wakati vizuri. Ndio wakati familia nyingi kutoka Nyeri na sehemu zingine za Mlima Kenya zilikuwa zinanunua hisa kwa kampuni za ardhi, na ranchi za Laikipia zinakatwa vipande vya ekari chache chache. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya malisho kwa sababu ni kavu. Sasa ikapandwa mahindi. Yaani watu walihamia kwa hatari kubwa zaidi wakati ule ule ulinzi ulikuwa unaondolewa. Hakuna mtu alikaa chini kupanga njama. Ni vile tu bima ilikuwa imezoea kuona shamba kubwa, na shamba dogo halikuonekana.

Mkaguzi ni ghali

Kampuni za bima zilikuwepo, si ati hazikuwepo. Jubilee, kwa mfano, ilianza Mombasa mwaka wa 1937. Ziliuza bima ya nyumba, ya bidhaa, ya magari, ya maisha. Kwa nini hazikuja kwa ekari mbili za cucu?

Piga hesabu. Tuseme cucu analipa bima shilingi 500 kwa msimu. Mahindi yanakauka, anapiga simu. Kampuni inatuma mkaguzi kutoka mjini na gari, mafuta, chakula cha mchana na siku nzima ya kazi. Hiyo safari moja inaweza kukula shilingi elfu kadhaa. Kampuni imepata hasara kabla hata ya kumlipa cucu chochote. Kwa hivyo kampuni ilikuwa na njia mbili tu: imtoze cucu ada ambayo hawezi kulipa, ama imwambie pole mama, hatuna bima ya aina hiyo.

Kuna shida nyingine mbili ambazo zimesumbua bima tangu izaliwe. Ya kwanza, mtu akijua atalipwa mavuno yakiwa mabaya, anaweza kulegea na palizi. Ya pili, wanaokimbilia kununua bima ni wale ambao tayari wanajua shamba lao lina shida. Mkaguzi alikuwa dawa ya zote mbili, ila dawa yenyewe ilikuwa na bei ya mashamba makubwa.

Na tusisahau imani. Kenya National Assurance, kampuni ya serikali kabisa, iliingia kwenye ufilisi mwaka wa 1996. United Insurance ikawekwa chini ya usimamizi mwaka wa 2005, Blue Shield mwaka wa 2011. Watu waliokuwa wamelipa ada zao wakabaki wanazungushwa. Kwa hivyo mzee akikuambia "bima ni wizi", si ushamba. Anakumbuka. Mpaka leo, ada zote za bima zinazolipwa Kenya kwa mwaka hazifiki asilimia 3 ya uchumi wetu.

Wazo la zamani, simu mpya

Hapa ndipo wazo la ajabu kidogo linaingia: vipi kama hatutaangalia shamba kabisa? Vipi kama tutapima mvua peke yake? Mvua ikishuka chini ya kiwango fulani, kila mtu wa eneo hilo analipwa. Uvivu wa mkulima hauwezi kupunguza mvua, na hakuna mtu wa kuhongwa aandike kwamba haikunyesha.

Wazo hilo ni la kitambo. Mwaka wa 1920, huko Mysore nchini India, J. S. Chakravarti aliandika kitabu kizima akipendekeza bima ya wakulima inayofuata mvua. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kabla ya wakulima wadogo wa India kuuziwa bima kama hiyo, mwaka wa 2003, katika wilaya ya Mahabubnagar.

Kwa nini ikachukua muda wote huo? Maoni yangu: hesabu ya mvua ilikuwepo, ila hakukuwa na njia ya kukusanya shilingi kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi na kuzirudisha bila kila moja kukulwa njiani. Kenya ilipata hiyo njia Machi 2007, M-Pesa ilipoanza.

Miaka miwili baadaye, wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom walileta kitu kinaitwa Kilimo Salama hapa Laikipia. Kilifanya kazi hivi. Mkulima anaenda agroveti kununua mbegu ama mbolea. Anaongeza asilimia 5 ya bei, yaani kwa kila shilingi 100 analipa 5 zaidi. Kampuni za mbegu na mbolea zinalipa nusu ile nyingine ya ada. Mwenye duka anapiga picha ile michoro ya mistari myeusi kwa mfuko akitumia simu yenye programu maalum, na mkulima anapata SMS kwamba bima yake imeingia. Hakuna fomu ya kurasa kumi. Hakuna kusafiri Nairobi.

Halafu mkulima anaunganishwa na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu na shamba lake. Kituo kinapima mvua na kutuma data chenyewe. Msimu ukiisha, kompyuta inalinganisha mvua iliyonyesha na ile mahindi yanayohitaji. Ikiwa imepungua sana, pesa inaingia kwa simu. Mkulima hadai chochote, na mkaguzi haji.

Na 2009 haikuwa mwaka wa mchezo. Mvua ndefu ilifeli, ng'ombe wakafa, bei ya unga ikapanda. Wakulima wa yale majaribio ya Laikipia walipata fidia. Ni vigumu kupata tangazo la bima linaloshinda hilo: jirani yako anakuonyesha SMS ya pesa kwa shamba ambalo hakuna mtu alikuja kuliangalia.

Mwaka uliofuata mradi ukapanuliwa hadi maeneo mengine ya Kenya, kisha Rwanda, na ndani ya miaka michache ulikuwa na makumi ya maelfu ya wakulima. Mwaka wa 2014 ukageuka kuwa kampuni inayojitegemea, ACRE Africa.

Mlima hauheshimu kituo

Sasa tufike kwa sehemu ambayo watu wa matangazo huiruka.

Bima ya mvua inalipa kulingana na kituo, hailipi kulingana na shamba. Mahali tambarare ambapo mvua inafanana kwa kilomita nyingi, hiyo si shida kubwa. Lakini wewe ni mtu wa Nanyuki, unajua vile mambo yako hapa. Unaweza kuacha mvua kubwa ukiwa Timau, ufike tauni upate vumbi. Kadri unavyoteremka kutoka mlimani kuelekea Doldol, mvua inapungua, na inapungua haraka. Wingu linaweza kunyeshea ridge moja na kuiruka inayofuata.

Kwa hivyo inawezekana kabisa kituo kiseme mvua ilitosha huku mahindi ya cucu yamekauka kama karatasi. Amelipa ada, amepoteza mazao, na halipwi. Kisheria hakuna mtu amemdanganya, kwa sababu mkataba ulisema kituo. Lakini mweleze cucu hivyo usikie atakavyokujibu.

Ukiangalia vizuri, utaona hatari haijatoweka, imehama. Zamani kampuni ndiyo iliogopa kudanganywa na mkulima, kwa hivyo ikakataa kumuuzia bima. Sasa kampuni haiogopi tena, lakini mkulima ndiye amebeba tofauti kati ya kituo na shamba lake. Tena mradi ule ulilipia gharama ya mbegu na mbolea. Haukulipia magunia ambayo angevuna. Karo yako haikuwa ndani ya hesabu.

Je, hii inamaanisha teknolojia ni upuzi? Hapana. Kabla yake cucu alikuwa na sufuri. Lakini inamaanisha swali letu la mwanzo halijajibiwa lote. Tumepata njia rahisi ya kutomhitaji mkaguzi. Hatujapata njia ya kuliona shamba lenyewe.

Waliokuja baadaye wamekuwa wakijaribu kuziba hilo pengo. ACRE ilijaribu bima ya kupanda upya: ndani ya mfuko wa mbegu kuna kadi yenye namba, unaituma kwa simu siku unayopanda ukiwa shambani, halafu setilaiti inafuatilia mvua ya eneo lako kwa siku 21. Mbegu zikikosa maji kabla hata ya kuota, unapata pesa ya kununua zingine msimu ukiwa bado mbichi. Serikali nayo ilianzisha bima ya mazao mwaka wa 2016 ambayo inapima mavuno yenyewe kwa eneo dogo, na kulipia nusu ya ada.

Halafu kuna wazo ambalo mimi nalipenda zaidi, ambalo watafiti wa IFPRI pamoja na ACRE wamelijaribu upande ule mwingine wa mlima: mkulima ama kijana wa kijiji anapiga picha za mahindi kutoka sehemu moja msimu mzima, na picha hizo zinasaidia kuamua hasara. Unaona kilichotendeka? Jicho la mkaguzi limerudi shambani, lakini safari hii liko mkononi mwa mwenye shamba, na halihitaji mafuta ya gari.

Kulipa kabla ng'ombe hajafa

Mabadiliko mengine yalikuja kutoka kaskazini yetu. Mwaka wa 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na wenzake walianzisha bima ya mifugo Marsabit. Kuhesabu ng'ombe waliokufa kwa eneo kubwa kama lile haiwezekani, kwa hivyo walitumia setilaiti inayoangalia ukijani wa nyasi. Nyasi zikipotea kupita kiwango, wafugaji wanalipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011, katikati ya ule ukame mbaya.

Mwanzoni hesabu ilikuwa ya kufidia mifugo iliyokufa. Baadaye wakafikiria tena: kwa nini tungoje afe? Serikali ilipoanza mpango wake wa bima ya mifugo mwaka wa 2015, Turkana na Wajir, ulipangwa kulipa mapema, nyasi zinapoisha, ili mfugaji anunue chakula na maji ng'ombe akiwa bado amesimama. Mpango ukaenea hadi kaunti 8, zikiwemo majirani zetu Isiolo na Samburu.

Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyosikika. Kwa mamia ya miaka bima ilikuwa ni kulipa baada ya janga. Hapa inakuwa pesa ya kuzuia janga.

Na kuzuia hatari kwa simu tulikuwa tumekuona hapa nyumbani hata kabla ya Kilimo Salama. Kulikuwa na ndovu Ol Pejeta anaitwa Kimani, mzoefu wa kuvunja ua na kukula mashamba ya watu. Shirika la Save the Elephants likamfunga mkanda shingoni wenye laini ya simu. Akikaribia mpaka wa mashamba, mkanda unatuma SMS kwa askari, nao wanakimbia na gari na taa kali kumrudisha. Mwaka wa 2008 habari yake ilizunguka dunia. Fikiria mkulima aliye nje ya ule ua. Hakuna kipimo cha mvua kingemlipa kwa mahindi yaliyoliwa na ndovu, na kudai fidia ya wanyamapori kwa serikali ni kazi ya subira. SMS moja kwa wakati unaofaa ilikuwa na thamani kuliko fomu zote.

Nani ana daftari?

Narudi kwa historia, kwa sababu kuna kitu kimoja kinanisumbua.

Bima yoyote inayofuata mvua inahitaji rekodi za miaka mingi. Lazima ujue mvua ya kawaida ni gani ndio ujue hii ya sasa imepungua. Hapa Laikipia, baadhi ya rekodi ndefu kabisa za mvua zilianza kwa mashamba ya walowezi. Kila asubuhi mtu alisoma kipimo na kuandika kwa daftari, miongo na miongo. Watafiti wa mradi wa Laikipia ulioanza miaka ya 1980, ambao leo ni CETRAD hapa Nanyuki, walikusanya nyingi ya hizo rekodi na kuongeza vituo vyao.

Kwa hivyo mwenye daftari ndiye anajulikana. Ranchi yenye rekodi ya miaka mingi inaweza kubishana na kampuni ya bima kwa namba. Kijiji kisicho na rekodi kinaambiwa na setilaiti vile mvua yake ilikuwa. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo, ulipita juu ya mashamba yetu, na mimi sijui kijiji kingi kilichouandika.

Msimamo wangu ni huu. Mkulima akiuziwa bima, aambiwe kwa Kiswahili ama Kikuyu cha kawaida kituo chake kiko wapi, ni umbali gani kutoka kwake, na mvua ikifika milimita ngapi hatalipwa. Namba za hicho kituo azione kwa simu yake msimu ukiendelea, asingoje kushtuliwa mwisho. Na bima yoyote ya kipimo iwe na njia ya kupinga, hata kama ni kwa picha, pale kituo na shamba vinapotofautiana. Cucu tayari anatoa pesa na data. Kumwonyesha hesabu si zawadi.

Lakini pia sisi tuna kazi. Kipimo cha mvua si mashine ya roketi. Ni chombo cha plastiki chenye mistari ya milimita, kimewekwa mahali wazi mbali na mti na paa, na mtu wa kukisoma kila asubuhi saa tatu. Simu unayosomea hii makala inatosha kuwa daftari. Ukianza mvua ya Machi na usiache, baada ya misimu michache utakuwa na kitu ambacho kijiji chako hakijawahi kuwa nacho. Siku mtu wa bima atakuja na grafu yake kuambia cucu kwamba mvua ilitosha, atakuta cucu naye ana yake.